Utupa: uteuzi wa mbegu

Utupa (Tephrosia vogelii) ni kichaka cha jamii ya kunde chenye maua meupe au ya zambarau, kinachoweza kufikia mita 4. Hustawi hadi mwinuko wa takriban mita 2,100, hivyo Bunagana, mji wa eneo la Rutshuru, Kivu, ulio mpakani na Uganda, karibu na volkeno ya Sabinyo, umo ndani ya makao yake. Hudumu miaka michache tu, kwa hiyo anayeutaka hana budi kutunza mbegu. Maganda huchumwa yakishageuka kahawia, kabla hayajapasuka na kurusha mbegu mbali. Hukaushwa kivulini, na mbegu, kwa kuwa ganda lake ni gumu, hulowekwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Na mbegu hubebeka: waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana tarehe 13 Juni 2022, watu wengi walikimbilia Kisoro, Uganda, na kichaka hakihamishiki.

Yote hayo ni mepesi; kazi ni kuchagua mama wa mbegu. Wengi huchuma penye maua mengi, na kosa liko hapo. Thamani ya utupa imo katika rotenoidi za majani yake, sumu ambayo tangu zamani imetumika kuvulia samaki na ambayo, ikiwa unga wa majani, hukinga maharage ghalani dhidi ya fukusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya sampuli za utupa kutoka Malawi hazikuwa na rotenoidi kabisa. Malawi si Kivu, atasema mtu, na ni kweli. Lakini kama mimea iliyopandwa kwa ajili ya dawa ilikosa dawa huko, hakuna sababu ya kuamini kila ganda la hapa bila kulijaribu.

Jingine litakalosemwa ni kwamba mkulima hana maabara. Haihitaji. Achanganye unga wa majani ya kichaka kimoja na maharage kidogo yenye fukusi, aweke mengine kando bila unga, kisha alinganishe baada ya wiki chache. Kichaka kilichoshinda ndicho cha kuvunia mbegu, mradi zipandwe mbali na mito na mabwawa ya samaki, maana sumu hiyo haibagui. Kilichoshindwa si cha kung'olewa: hurutubisha udongo kwa nitrojeni kama kunde nyingine, ila mbegu zake zisichanganywe na zile za dawa.