Rwanda: Kompyuta ya mwanafunzi yaingizwa katika mkopo wa masomo

Kumtaka kila mwanafunzi wa chuo kikuu awe na kompyuta yake mwenyewe si jambo geni. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Drexel, mjini Philadelphia, kiliweka sharti hilo mwaka 1983, na mwaka uliofuata wanafunzi wake wakaanza kupokea mashine za Macintosh, ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka. Linaloumiza vichwa hadi leo, hasa katika ukanda wetu, ni nani atakayelipa.

Chuo Kikuu cha Florida kilipoweka sharti kama hilo mwaka 1998, kilieleza jambo ambalo wengi hulisahau. Kompyuta ikishatambuliwa rasmi kuwa sharti la masomo, gharama yake huhesabiwa katika msaada wa fedha wa mwanafunzi. Isipotambuliwa, mzazi huibeba peke yake, kama anavyobeba viatu na sabuni.

Rwanda imechukua njia ya mkopo. Kampuni ya Positivo BGH, yenye asili ya Brazil na Argentina, ilianzisha kiwanda cha kuunganisha kompyuta mpakato mjini Kigali, na mashine zake zikawafikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi iliyoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma. Mikopo husimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda (BRD). Bei ya kompyuta huongezwa juu ya deni la masomo, nalo hulipwa baada ya kuhitimu.

Kwa mtoto wa mkulima asiye na akiba, huo ni mlango uliofunguka. Hata hivyo, mashine inayotumiwa kila siku huanza kuchoka baada ya miaka michache: betri haishiki moto, kioo hupasuka, au huibwa bwenini. Deni hubaki palepale. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mwanafunzi ana haki ya kuuliza muda wa dhamana, mahali pa matengenezo, na nani hubeba hasara ya wizi.

Nchini Uganda, mkopo wa serikali ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 hulipia karo na ada, pamoja na vifaa vya wanafunzi wenye ulemavu. Wengine hununua kompyuta kwa fedha zao, au husubiri zamu katika maabara ya chuo.