Chifu wa Sinema na Barabara ya Kitale

Mwaka 1934, kando ya mto Thames huko Shepperton, karibu na London, kijiji cha Kiafrika kiliibuka ghafla. Wanakijiji wake walikuwa mabaharia, makuli wa bandarini na wanafunzi waliohitaji fedha. Miongoni mwao alikuwamo Mkikuyu mmoja, Jomo Kenyatta, aliyepewa nafasi ya chifu katika sinema, na ambaye London ilikuwa ikimkaba kwa madeni.

Sinema yenyewe, Sanders of the River, ilitoka mwaka 1935. Zoltan Korda aliiongoza, Mischa Spoliansky akatunga nyimbo, na nyota akawa Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, ambaye siku zilezile alikuwa akijifunza Kiswahili. Picha za ngoma zilipigwa Afrika, zikaunganishwa na za studio. Hadithi yake ni nyepesi mno: mkuu wa wilaya (DC) Mwingereza akiwapo kuna amani, akiondoka watu wanachinjana, akirudi wanamwimbia sifa. Robeson alipoona kazi ilivyotoka, alichukizwa nayo.

Magharibi mwa Kenya, DC wa kweli hakuimbiwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na Trans Nzoia ikawa nchi ya mashamba ya walowezi. Upande wa Bungoma, Elijah Masinde, aliyewahi kusifika kwa kusakata kandanda, aliwaambia Wazungu wafungashe virago. Serikali ikamtia hospitali ya Mathari kama mwendawazimu, kisha ikamwachilia. Februari 10, 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa Dini ya Msambwa, dini aliyoiongoza Masinde, wakaua watu 11. Masinde akapelekwa Lamu, mbali na mlima wake wa Elgon.

Kijiji cha Korda hakikuwa na tukio la namna hiyo.

Kesi ya Kenyatta, aliyeshtakiwa kuongoza Mau Mau, ilipoanza Kapenguria mwishoni mwa 1952, mji mdogo ule haukuwa na pa kuwalaza wageni. Wakili D. N. Pritt kutoka London na wenzake walilala Kitale, wakapanda na kushuka barabara ya vumbi kati ya miji hiyo miwili kila siku ya kesi. Jawaharlal Nehru naye alikuwa amemtuma Diwan Chaman Lall kutoka India kuja kusaidia utetezi.

Aprili 8, 1953, Jaji Thacker alimhukumu Kenyatta miaka 7 ya kazi ngumu. Aliyewahi kuwa chifu wa sinema akapelekwa Lokitaung, Turkana, ambako alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake.