Ghorofa za Mombasa na tetemeko la ardhi: jengo lako li imara?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, wengi wetu Mombasa tulihisi nyumba zikitikisika. Tetemeko hilo la ukubwa wa karibu 6 lilianzia chini ya bahari, karibu na pwani ya Tanzania. Huku kwetu lilipita salama. Bukoba, mwaka 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za matofali.

Jengo la kawaida huundwa libebe uzito kwenda chini. Tetemeko husukuma ubavuni. Kenya ina mwongozo wa ujenzi kuhusu matetemeko tangu 1973, lakini mwongozo haulindi jengo lililoongezwa ghorofa nje ya ramani yake.

Mambo mawili yaangaliwe kwanza. Moja ni ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa maduka au magari, ilhali za juu zina kuta. Hapo nguzo hubeba msukumo wote peke yake. La pili ni chumvi ya bahari. Nondo zikishika kutu huvimba na kupasua zege. Dalili zake ni madoa ya hudhurungi, zege linalobanduka na nyufa zinazofuata mkondo wa nondo.

Ukiziona, ita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Atalinganisha jengo na ramani iliyoidhinishwa, apime nguvu ya zege, atafute nondo zilipo na achunguze msingi. Kisha huenda akashauri nguzo zivishwe zege na nondo mpya, au ukuta wa zege ujengwe kutoka msingini hadi juu. Kupunguza matangi ya maji juu ya paa pia husaidia.

Mji wa Kale una hali yake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nzito, na sakafu hukaa juu ya boriti za mikoko. Kuta zifungwe na sakafu kwa vyuma, na boriti zilizooza zibadilishwe. Ukarabati utumie chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ukutani. Kwa kuwa ni eneo la hifadhi, omba kibali kwanza.

Sote twajua kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini plasta na rangi havizibi ufa wa nguzo; huuficha tu. Kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima au kununua nyumba, shuka uzitazame nguzo za chini.