Kifungo cha Kutengwa

Anayetafsiri habari za magereza hukutana na istilahi hii mapema, na mara nyingi huipitia haraka. Wengi huandika "kifungo cha upweke". Wengine huandika "kifungo cha peke yake", na wasiotaka kujifunga na istilahi yoyote hueleza tu kwamba fulani amewekwa katika seli ya peke yake. Naona maneno haya hayamtendei haki mfungwa, hasa yule aliyewekwa humo kwa sababu alifungua kinywa.

Tuanze na kitu chenyewe. Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zilizorekebishwa za kuwatendea wafungwa, zikapewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 44 inasema kwamba kifungo hiki ni kumfungia mfungwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu wengine. Kikizidi siku 15 mfululizo, kinahesabiwa kuwa cha muda mrefu, na hicho kimepigwa marufuku na Kanuni ya 43 pamoja na kile kisichojulikana mwisho wake. Kanuni ya 45 inakiruhusu kwa nadra, kikiwa njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwa idhini ya mamlaka husika na chini ya mapitio ya chombo huru.

Siku 15. Albert Woodfox alikaa zaidi ya miaka 40.

Gereza lake ni Angola, katika jimbo la Louisiana, Marekani, ardhi iliyokuwa shamba la watumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Woodfox na mwenzake Herman Wallace walianzisha humo tawi la chama cha Black Panther. Walipinga ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria isiyoandikwa ya gereza, na wakasimama kuwalinda wafungwa wageni waliokuwa wakibakwa na kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Aprili 1972 askari magereza kijana, Brent Miller, alichomwa kisu akafa. Wawili hao walishtakiwa na kutiwa hatiani, ingawa hapakuwa na ushahidi wowote wa vitu uliowaunganisha na mauaji. Waliwekwa kila mmoja katika seli ya futi 6 kwa 9, saa 23 kwa siku. Robert King, mfungwa wa tatu aliyehesabiwa pamoja nao, alikaa hivyo miaka 29 hadi alipoachiwa mwaka 2001. Wallace alitoka tarehe 1 Oktoba 2013 akiwa na saratani ya ini, akafa siku tatu baadaye. Woodfox alitoka tarehe 19 Februari 2016, siku aliyotimiza miaka 69.

Sasa iite hali hiyo "upweke" uone inavyopungua. Upweke ni hali ya moyo. Mjane huwa mpweke, mgeni mjini huwa mpweke, na mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya soko la Kariakoo. Upweke humjia mtu, humpata, humshika. Hauna mtendaji. Ukisema Woodfox aliishi katika upweke kwa miaka 40, umemtoa mkuu wa gereza katika sentensi, umeitoa bodi iliyokuwa ikirefusha amri yake kila baada ya miezi michache, na umewatoa wanasheria wa serikali waliokata rufaa kila alipokaribia kutoka. Amebaki mtu mmoja na huzuni yake.

"Kifungo cha peke yake" kina kasoro nyingine. Hakisimami imara kama istilahi, kwa kuwa lazima kigeuke kila anapobadilika anayetajwa: kifungo cha peke yangu, cha peke yao, cha peke yenu. Mwanasheria anayeandika hati ya mahakama hawezi kufanya kazi na neno lisilotulia hivyo.

Pendekezo langu ni "kifungo cha kutengwa". Kitenzi tenga kina mtendaji wake daima. Serikali hutenga bajeti, ukoo humtenga aliyeuaibisha, kanisa humtenga muumini kwa muda. Ukitamka kutengwa, msikilizaji anauliza mwenyewe: na nani, kwa kosa gani, mpaka lini? Ndiyo maswali yaliyo nyuma ya masharti ya Kanuni ya 45. Nimesikia hoja kwamba neno hili limeshachukuliwa na hospitali, na kwamba tangu mwaka 2020 kila mtu analihusisha na ugonjwa. Lakini viambishi vyetu vinafanya kazi hiyo vizuri: mgonjwa mwenye hiari alijitenga, ndugu waliogombana walitengana, mfungwa alitengwa. Herufi moja, w, inabeba mashtaka yote.

Uongozi wa magereza hupenda majina laini zaidi. Nchini Marekani utakuta "makazi yenye masharti", "utenganisho wa kiutawala", "kitengo cha makazi ya usalama", na wakati mwingine "ulinzi" wa mfungwa mwenyewe. Anayetafsiri hati ya namna hiyo aliandike jina rasmi mara moja, kwa kuwa ndilo litakalotafutwa kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo ahesabu saa. Zikifika 22, na hakuna mtu wa kuzungumza naye, ni kifungo cha kutengwa hata kama mlangoni pameandikwa makazi.

Kitengo kimoja cha namna hiyo kilichojulikana sana kilikuwa cha Pelican Bay, kaskazini mwa California, gereza lililofunguliwa mwaka 1989 likiwa na seli zisizo na madirisha. Zaidi ya wafungwa 500 walikuwa wamekaa humo zaidi ya miaka 10. Wengi hawakuwekwa kwa kosa walilotenda humo gerezani, bali kwa kudhaniwa ni watu wa magenge, na ushahidi ungeweza kuwa mchoro, kitabu, au jina lililokutwa kwenye daftari. Njia ya kutoka ilikuwa kuwataja wengine. Wafungwa walilifupisha hilo wenyewe: utoke kwa msamaha wa muda, usaliti, au ufe.

Tarehe 1 Julai 2011 walisusia chakula. Ukiyasoma madai yao utashangaa udogo wa baadhi yake: simu moja kwa wiki, picha moja kwa mwaka ya kuwapelekea jamaa, kalenda ya ukutani, kofia ya kujikinga baridi. Waliokuwa wakiongoza walikuwa wanne, Mweusi, Walatino na Mzungu, watu ambao gereza lilisema ni maadui wa kuuana. Mwaka 2012 wanne hao walitoa wito wa kusitisha uhasama baina ya makundi ya rangi katika magereza yote ya jimbo. Tarehe 8 Julai 2013 wafungwa wapatao 30,000 walikataa chakula, na mgomo ulidumu siku 60. Uongozi uliuhesabu mgomo huo kuwa kosa la nidhamu na kuwahamisha viongozi wake. Huko nje, mawakili walikuwa wameshafungua kesi ya pamoja kwa niaba ya wafungwa katika mahakama ya shirikisho mwaka 2012. Mwaka 2015 jimbo lilikubali kwamba halitamtenga tena mtu kwa kudhaniwa tu kuwa wa genge, na wengi waliokaa miaka wakarudishwa miongoni mwa wenzao.

Mmoja wa wale wanne alijiita Sitawa Nantambu Jamaa, na neno la mwisho la jina hilo ni letu. Kiswahili kina historia ndefu miongoni mwa Waamerika Weusi waliokitafuta kama lugha ya asili yao, na magereza yamekiogopa. Mwaka 2022 ilifahamika kwamba idara ya magereza ya jimbo la Michigan ilikuwa imepiga marufuku kamusi za Kihispania na za Kiswahili, kwa hoja kwamba wafungwa wangeweza kuzungumza bila askari kuwaelewa. Kitabu ambacho mtu angeweza kujifunzia hata kuamkiana kilionekana kuwa hatari kwa usalama.

Hilo linanirudisha kwenye maneno magumu zaidi katika Kanuni ya 44, yale niliyoyaandika hapo juu kama "mawasiliano ya maana". Hayatoshi. Askari anayepitisha sahani kwenye kijidirisha cha mlango na kutamka neno moja amewasiliana, na gereza lingependa ihesabiwe hivyo. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha Essex kuifafanua kanuni hiyo walisema mgusano huo wa kawaida haumo: lazima watu wawe ana kwa ana, pasipo kizuizi kati yao, si kwa kupita tu, na kuwe na nafasi ya kuhisi hali ya mwenzako. Kiswahili kina neno lake tangu zamani, nalo ni kujuliana hali. Kauli ya kutendana imo ndani yake, kwa hiyo hali ya mmoja haitoshi. Mtu anayeulizwa hali na asiyeruhusiwa kuuliza bado ametengwa. Ningeiandika kanuni hiyo hivi: kumfungia mfungwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kujuliana hali na binadamu mwenzake.

Kiswahili kina pia shahidi wake. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu nchini Kenya, kuanzia mwaka 1969, kwa waraka ulioikosoa serikali, akatengwa na wafungwa wengine, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalipochapishwa mwaka 1973 yaliitwa Sauti ya Dhiki. Naliona hilo kuwa chaguo la mtu aliyejua. Dhiki ni ufinyu na mbano, na mbano una anayebana.

Lipo neno jingine la kuangaliwa tunapoandika juu ya wafungwa wanaosema: "kisasi". Mfungwa anaripoti kipigo, kesho yake anatengwa, na gazeti linaandika kwamba askari wamelipiza kisasi. Kisasi hudai kwamba kulikuwa na deni, kwamba aliyelalamika ndiye aliyeanza. Kanuni ya 57 inasema mfungwa asiwekwe katika hatari yoyote kwa kuwa ametoa malalamiko. Tuandike basi kwamba ameadhibiwa kwa kulalamika. Ni maneno mengi kuliko moja, lakini yanasema lililotokea.

Kumsaidia mtu wa namna hii kunaanza na kuuvunja ule utengwaji. Barua, hata fupi, inamwonyesha askari wa zamu kwamba nje kuna mtu anayehesabu siku. Watu watatu wa Angola walikuwa na kamati ya marafiki kwa miaka mingi. King, baada ya kutoka, alizunguka nchi nyingi akiwasemea wawili waliobaki, na mjane wa askari aliyeuawa mwenyewe alifika mahali pa kuamini kwamba si wao waliomuua mumewe, akalisema hadharani. Hakuna barua moja iliyomtoa Woodfox. Lakini hakuachwa.

Kuna mambo ya kuzingatia. Barua za gerezani husomwa, kwa hiyo asiandike mtu majina ya mashahidi wala undani wa kesi. Hayo yapitie kwa wakili. Barua iliyorudishwa itunzwe pamoja na bahasha na mhuri wake, kwa sababu ni ushahidi kwamba mtu huyo amekatiwa mawasiliano. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1996 inamtaka mfungwa amalize hatua zote za malalamiko ndani ya gereza kabla ya kwenda mahakama ya shirikisho, na akichelewa hata hatua moja kesi yake inaweza kutupwa. Aliyetengwa anaweza kukosa fomu, kukosa kalamu, au kupoteza nakala zake siku anapohamishwa seli. Mtu wa nje anayetunza nakala ya kila fomu, na tarehe ya kila jibu, anafanya kazi ambayo mfungwa hawezi kuifanya akiwa humo. Na akipiga simu kuulizia, aliulize gereza kwa maneno kamili: nani aliyeamuru atengwe, kwa sababu gani iliyoandikwa, na amri hiyo itapitiwa tena tarehe ngapi.