Kompyuta inavyochora njia ya maji

DESEMBA 2011, mvua kubwa zilifurisha Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Miongoni mwa nyenzo zinazotumiwa kutambua mahali maji yatakapopita ni kielelezo cha kidijitali cha sura ya nchi.

Kielelezo hicho ni mkusanyiko wa namba. Eneo hugawanywa katika miraba iliyo sawa, na kila mraba hupewa namba moja, yaani kimo chake kutoka usawa wa bahari. Njia nyingine ni kuunganisha vituo vilivyopimwa kwa pembetatu, zikiwa nyingi penye vilima na chache penye tambarare.

Chanzo kimoja kikuu kisicho na malipo ni vipimo vya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 Februari 2000, kikipima kwa rada takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Awali Afrika ilipata vipimo vya miraba ya mita 90 tu. Vile vya mita 30 vilianza kutolewa Septemba 2014.

Namba hizo huingizwa katika programu, kwa mfano QGIS ambayo ni ya bure, zikageuzwa picha. Rangi hutenganisha nyanda za chini na za juu. Kivuli huwekwa kana kwamba jua linamulika kutoka kaskazini magharibi, na vilima vikaonekana kuinuka. Aidha, kompyuta hukokotoa mteremko wa kila mraba na upande ambako maji yataelekea.

Penye tambarare, vimo hukuzwa makusudi ili vionekane. Mchoraji asipotaja amevikuza mara ngapi, mtazamaji hupotoshwa.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi haionekani kwa macho. Rada hiyo ilipima mapaa na vilele vya miti, si udongo pekee. Aidha, mraba wa mita 30 humeza nyumba kadhaa, vichochoro na mitaro yake, ilhali bondeni tofauti ya mita moja hutenganisha nyumba iliyosalimika na iliyozama.

Ndiyo maana mijini hutumiwa vipimo vya karibu zaidi. Ndege zisizo na rubani hupiga picha zinazoonyesha hata ukuta, na miale ya leza hupenya kati ya majani hadi ardhini.

Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza jijini humo, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakiweka mitaro na majengo kwenye ramani.

Kazi hiyo ya miguu bado ni ya lazima. Kompyuta huchora mkondo kwa kufuata mteremko, lakini haiwezi kujua kwamba kalavati limezibwa na taka. Mkazi wa jirani analijua hilo.