Herufi, Tahajia na Mashine: Tatizo la Kuitafuta Historia ya Magazeti ya Kiswahili

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza tatizo moja linalomkabili mtafiti wa historia ya magazeti ya Kiswahili, wakati huu ambapo nyaraka zinageuzwa kuwa nakala za kidijitali. Wengi hudhani kwamba gazeti likishapigwa picha na kuingizwa katika tarakilishi limekwisha kuokolewa. Dai letu ni kwamba kuhifadhiwa ni jambo moja, na kupatikana ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, gazeti lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Katika maandishi hayo aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu na wajirekebishe, kwa fikra zilizokaribiana na zile za Al-Manar, jarida la Rashid Rida wa Cairo. Baadhi ya makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 Kai Kresse alihariri toleo lake la Kiswahili na Kiingereza.

Sasa, mwaka huohuo wa 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ili kusimamia Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja na kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Mashine za leo zimefunzwa kusoma lugha hiyo iliyosanifiwa, wala si ile ya Sheikh.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ni herufi. Katika maandishi ya kale ya Kiswahili, herufi moja ya Kiarabu, ba, iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Msomaji mwenyeji hutambua neno kwa maana ya sentensi. Mashine haina wenyeji huo. Pili, ni lahaja na tahajia. Anayetafuta “uongozi” huenda asiupate “uwongozi”. Anayetafuta “njia” hataipata “ndia” ya Kimvita. Na Mmvita akisema “ndoo”, yaani njoo, mashine itampeleka kisimani kuteka maji.

Jambo hili si dogo. Msimulizi ya wamisionari wa Unguja (1888) na Mambo Leo ya serikali ya Tanganyika (1923) yalichapishwa kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo ni mepesi kwa mashine. Mwanahistoria anayetegemea utafutaji huo peke yake ataandika kwamba fikra za Waswahili katika magazeti zilipitia mikononi mwa misheni na serikali tu. Hatakuwa amesema uongo kuhusu alichokiona. Lakini atakuwa amewanyamazisha waliosema wenyewe, kwa hati yao na kwa lahaja yao.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine, idara zetu hazina budi kuwafunza wanafunzi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na kutayarisha faharasa zinazounganisha Kimvita, Kiamu na Kiswahili Sanifu. Kazi hiyo yahitaji wazee wanaoijua hati hiyo, na wazee hawatungoji.