Jina, Chombo na Ujoli: Ushahidi wa Nasaba za Watu Walioachwa Huru Zanzibar na Mombasa katika Kumbukumbu Zilizopuuzwa, 1864–1928

Mwaka 1864, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) ilipohamia Zanzibar kutoka nyanda za mto Shire, Sultani Majid bin Said alimkabidhi Askofu William Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wawili kati ya wanafunzi wa mwanzo wa misheni hiyo wanajulikana katika kumbukumbu zake kwa majina ya John Swedi na Francis Mabruki, na mwaka 1870 waliwekwa kuwa mashemasi wadogo. Majina hayo yana tabaka mbili zinazosomeka. John na Francis ni majina ya ubatizo. Mabruki, yaani aliyebarikiwa, ni miongoni mwa majina ambayo mabwana wa pwani waliwapa watwana wengi mno, sawa na Baraka, Farjala, Feruzi, Almasi na Songoro. Tabaka la tatu, yaani jina ambalo mtoto aliitwa na mamaye kabla ya kutekwa, kwa kawaida halikuandikwa na mtu yeyote, nalo ndilo ambalo mzao anayetafuta asili yake hulihitaji kuliko yote.

Insha hii inajenga hoja kwamba, katika kufuatilia nasaba za watu walioachwa huru, jina ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingine zote za ushahidi. Kilicho imara ni yale mambo ambayo waandishi wa kumbukumbu walilazimika kuyaandika kwa usahihi kwa sababu fedha au mali iliyategemea: chombo, tarehe, bwana, mfadhili na mrithi. Mtafiti anayeanza na jina hukwama mapema. Anayeanza na malipo, mara nyingi hufika mbali zaidi, ingawa si lazima afike alikokusudia.

Kumbukumbu zilizofuata fedha

Manowari za Uingereza zilizovizia majahazi katika bahari ya Afrika Mashariki zililipwa zawadi ya fedha, ama kwa idadi ya watumwa waliokamatwa wakiwa hai ama kwa tani za chombo. Kwa sababu hiyo majedwali yaliyochapishwa kwa ajili ya Bunge la Uingereza yanataja manowari iliyokamata, tarehe, ukubwa wa jahazi, na hesabu ya wanaume, wanawake na watoto. Majina ya watu hao hayamo, kwa kuwa jina halikuwa na bei. Wanahistoria wengi wameyatumia majedwali hayo kukadiria ukubwa wa biashara ya utumwa, kisha wakayaweka kando. Kwa mtafiti wa nasaba, hata hivyo, safu ya tarehe ni yenye thamani kubwa. Watu walioteremshwa kutoka jahazi moja waligawanywa kwa mafungu: wengine kwa misheni, wengine kwa makazi ya mashambani, wengine kwa waajiri. Ripoti ya misheni inaposema kwamba wasichana kadhaa walipokewa Mbweni wiki fulani, na jedwali la Bunge likataja jahazi lililokamatwa siku chache kabla, kundi lisilo na majina hupata bandari na njia. Manowari ya London ilitia nanga Zanzibar kuanzia mwaka 1874 hadi 1883, na kwa kipindi hicho ulinganisho wa namna hii una nafasi nzuri zaidi ya kuzaa matunda.

Daftari la pili lilitokana na amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897. Ni muhimu kukumbuka utaratibu wake, kwani umbo la kumbukumbu linatokana nao. Amri haikumwacha mtu huru kwa kutangazwa tu. Mtumwa alitakiwa kwenda mahakamani kuudai uhuru wake, na bwana aliyethibitisha umiliki alilipwa fidia. Jina la bwana, basi, liliandikwa kwa uangalifu kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea fedha, na jina la aliyeachwa huru likaandikwa kama alivyoitwa nyumbani kwa bwana huyo. Masuria hawakuhusika na amri hiyo hadi mwaka 1909, na madai ya fidia yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1911.

Matokeo yake ni mapengo ambayo msomaji wa haraka huyachukulia kuwa ushahidi. Mwanamke aliyekuwa suria mwaka 1898 hamo. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wake aliyekiriwa na bwana alikuwa muungwana na mrithi sawa na ndugu zake wengine, na mama mwenyewe alikuwa huru bwana alipofariki, bila ya kupita mbele ya karani yeyote. Hawamo pia walioachwa huru na mabwana zao kwa ajili ya thawabu, wala waliojiondokea tu wakaenda kulima kwingine. Ukimya wa daftari haumthibitishi mtu kuwa muungwana wa asili, kama vile kuandikwa ndani yake hakuelezi alikotoka.

Hata safu ya kabila inataka tahadhari. Neno "Mnyasa" lilitumika Zanzibar kwa watu wa jamii nyingi waliopitia njia ya Kilwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wamo ndani yake Wayao, Wanyanja, Wamakua na wengine ambao huko kwao wasingekubali kuitwa kwa jina moja. Baadaye wenyewe walijitambulisha upya. Sensa za Zanzibar za 1924 na 1931, zikilinganishwa, zinaonyesha waliojiita Waswahili wakipungua mno na waliojitambulisha na makundi ya wenyeji wa visiwani wakiongezeka, kwa kiwango ambacho uzazi na vifo haviwezi kukieleza. Wako watafiti wanaoliita jambo hili udanganyifu. Hukumu hiyo ni nyepesi. Mtu aliyenyang'anywa nasaba akajitafutia nyingine alifanya tendo la kihistoria, na tendo hilo lina tarehe yake na sababu zake kama tendo lolote jingine.

Machapisho ya mpito

Kwa machapisho ya mpito hapa inakusudiwa karatasi zilizochapwa kwa haja ya siku au ya mwezi bila nia ya kudumu: majarida ya misheni, ripoti za shule, orodha za michango, matangazo ya mirathi, postikadi. Mengi ya hayo yalitupwa, na yaliyosalia huhifadhiwa mbali na madaftari yanayohusiana nayo, kiasi kwamba mtafiti huyaona kama vitu viwili visivyojuana.

Jarida la UMCA lililoitwa Central Africa lilianza kutoka mwaka 1883. Liliandikwa kwa ajili ya wafadhili wa Uingereza, na utaratibu mmojawapo wa kuchangisha ulikuwa parokia au shule ya Jumapili kumgharimia mtoto mmoja aliyetajwa. Utaratibu huu ulizalisha mawasiliano ambayo daftari la ubatizo halikuyahitaji. Mfadhili alitaka kujua mtoto "wake" anaendeleaje: amepata kipaimara, ameolewa na nani, amepelekwa kituo gani. Kwa hiyo mstari mmoja katika ripoti ya parokia ya Uingereza, iliyochapwa kwa nakala chache, waweza kutaja ndoa iliyofungwa Mkunazini ambayo mzao wa leo anaitafuta Zanzibar kwa miaka.

Msimulizi, jarida la Kiswahili lililochapwa Kiungani kuanzia mwaka 1888, ni la aina nyingine. Waandishi wake walikuwa walimu na wanafunzi waliosoma pamoja wakatawanyika katika vituo vya Zanzibar, Usambara na Masasi, na wasomaji wake walikuwa wao kwa wao. Mwandishi asiyehitaji kumhurumisha mfadhili huandika habari kwa namna tofauti. Hutaja nani amesafiri na nani, nani ameugua, mke wa nani amejifungua. Kwa nasaba, habari hizo ndogo hupita kwa thamani hadithi ndefu za wokovu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba jarida hili limetumika zaidi na wanaisimu na wahakiki wa fasihi kuliko wanahistoria wa familia.

Kitabu cha A. C. Madan kiitwacho Kiungani, kilichochapishwa mwaka 1887, kinakaa kati ya aina hizi mbili. Ni mkusanyiko wa habari zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni kuhusu maisha yao kabla na baada ya kutekwa, zikatafsiriwa kwa Kiingereza. Humo mna vita, njaa, kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na safari ya kushuka pwani. Wasimulizi wanatambulishwa zaidi kwa makabila yao. Msomaji wa nasaba hukutana hapa na kinyume cha daftari: daftari lina jina bila maisha, kitabu kina maisha yasiyo na jina. Kuviunganisha kunawezekana pale tu ambapo msimulizi ametaja kitu kinachoweza kuwekewa tarehe, kama vile kukamatwa kwa jahazi alilokuwamo. Pasipo kitu kama hicho, kumpachika msimulizi jina la mwanafunzi wa kabila hilohilo ni kubahatisha, hata kama familia ingefurahi kulipata.

Wachache waliacha njia iliyo wazi. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, alisoma Kiungani na baadaye Canterbury, akaoa Mbweni, akaenda kuhudumu Chitangali kusini mwa Tanzania ya leo, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA. Barua, ripoti na majarida yanamfuata karibu kila mwaka. Wanawake waliolima shamba la Mbweni katika miaka hiyohiyo hutokea mara mbili tatu tu: walipopokewa, walipoolewa, walipozikwa. Tofauti hii inatokana na cheo. Anayechagua kuchunguza ukoo wa padri kwa kuwa nyaraka zipo, huku akiuacha ukoo wa mkulima kwa kuwa nyaraka ni haba, hurudia uteuzi uliofanywa na wahariri wa karne ya 19.

Mombasa: majina yanayofanana, damu isiyofanana

Makazi ya Frere Town, yaliyoanzishwa na CMS mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yanaonyesha udhaifu wa jina kwa njia nyingine. Baadhi ya waanzilishi wake walikuwa "Waafrika wa Bombay", watu waliokombolewa baharini wakasomeshwa Nasik, India, kisha wakarudishwa pwani. Matthew Wellington, mmoja wa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi pwani, alizaliwa Uyaoni akiitwa Chengwimbe. Katika hali yake jina la kwanza lilihifadhiwa kwa sababu umaarufu wa safari ile uliwavuta watu kumhoji. Kwa wengi wa wenzake halikuhifadhiwa. Majina ya ukoo ya Kiingereza waliyopewa hayakutoka kwa baba yeyote. Hivyo familia mbili zenye jina moja Kisauni au Rabai zaweza kuwa hazina uhusiano wa damu hata kidogo, na ndugu wawili wa tumbo moja wakaanzisha koo zenye majina tofauti. Kanuni ya kwanza ya watafiti wa nasaba wa Ulaya, ya kufuata jina la ukoo kurudi nyuma, hapa humpoteza mtu tangu hatua ya pili.

Ujoli mbele ya kadhi

Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno mjoli kwa mtumwa mwenza wa bwana mmoja. Wajoli walilea watoto wa wenzao, walizikana, na watoto wao waliitana ndugu. Katika misheni nafasi hiyo ilichukuliwa na wazazi wa ubatizo na watu waliotoka jahazi moja. Wazao wao leo hutaja "shangazi" au "babu mdogo" ambaye hakuna hati ya kuzaliwa inayomthibitisha, na mtafiti mwenye haraka humfuta katika jedwali la ukoo. Kumfuta ni kosa la kimbinu. Huyo ndiye mtu ambaye jina lake, likikutwa katika daftari pamoja na jina la babu kwa tarehe moja na bwana mmoja, hutoa uthibitisho ambao jina la babu peke yake lisingeweza kuutoa.

Uzito wa mahusiano hayo ulionekana zaidi katika mirathi. Kwa kanuni ya walaa, mtu aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu hurithiwa na aliyemwacha huru au wazao wake. Kibanda, minazi kadhaa au akiba ndogo ya fedha vilitosha kuwaleta mbele ya kadhi watu wa pande mbili: wa ukoo wa bwana wa zamani, na waliodai kuwa ndugu wa marehemu. Waliodai undugu walilazimika kueleza walitoka wapi, nani alitekwa na nani, nani alimjua mama wa nani. Hakuna msajili mwingine wa enzi hiyo aliyeuliza maswali hayo kwa kina namna ile. Ushahidi huo ulitolewa na watu wenye maslahi, nao usomwe kwa jicho hilo. Lakini aliyepinga pia alikuwa na maslahi, na mabishano yenyewe huacha maelezo ambayo daftari lililonyooka halina.

Kumbukumbu hizi bado zinaweza kuwadhuru watu walio hai. Familia iliyojulikana kwa vizazi vitatu kwa nasaba fulani yaweza kukuta jina la babu yao chini ya jina la babu wa jirani yao, na huenda jambo hilo likaingia katika posa, katika mgogoro wa shamba, hata katika matusi ya mtaani. Kwa tasnifu zinazowekwa wazi kwa kila msomaji, kutaja majina ya koo zilizopo leo bila ridhaa ya wenyewe hakuongezi chochote katika hoja.

Mfano ambao umekwisha kuwa mali ya umma ni wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia ya watumwa, baba wa asili ya Unyamwezi na mama wa asili ya Uzigua. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye, alipokwisha kupata jina mjini kwa uimbaji wake. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, nazo ziliuzwa kwa jina la Siti. Mtu ambaye angekuwa na lebo za santuri peke yake asingeona njia ya kurudi Fumba. Kilichoiacha njia wazi ni kumbukumbu za waliomjua na wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake.